Unatafuta Vibarua, Si Karanga

Mwanafunzi wangu mmoja wa mwaka wa tatu aliniletea pendekezo lake la utafiti Ijumaa jioni, nikalisaini nimesimama, begi tayari begani. Jumatatu mkutubi wa chuo chetu akanipigia simu. Ni kijana mpole, hapandishi sauti hata printa inapomgomea. "Mwalimu, ukipata nafasi upite hapa dawatini." Watu wazima tunajuana: anayekwambia "ukipata nafasi" ana maana uje sasa hivi.

Nilimkuta ameutandaza mezani ukurasa wa marejeleo, ameujaza alama za penseli. Rejea zilikuwa kumi na nne. Sita kati yake hazikuwepo duniani. Si kwamba mwaka ulikosewa au jina liliandikwa vibaya, hazipo. Waandishi ni watu wa kweli, majarida ni ya kweli, vichwa vya makala vimekaa kitaalamu kabisa, namba ya toleo ipo, kurasa zipo. Ila ukilifungua toleo lile kwenye kurasa zile unakutana na makala nyingine, ya mtu mwingine, inayozungumzia magonjwa ya migomba. Binti alikuwa ameiomba akili mnemba imtafutie machapisho, nayo ikamtungia. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma Novemba 2022, mtego huu umeshawanasa wakubwa kuliko yeye. Mwaka 2023 mawakili wa New York walipigwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi za mfano ambazo hakuna jaji aliyewahi kuzisikiliza.

"Umegunduaje?" nilimuuliza.

"Alikuja nimsaidie kupata makala mbili kati ya hizi. Nimezitafuta asubuhi nzima, Mwalimu. Mwishowe nikaanza kujishuku mwenyewe, nikahisi kazi imenishinda."

Hakusema neno juu ya saini yangu. Ilikuwa pale pale, imelala upande wa kulia wa karatasi, na hakukuwa na haja ya mtu kunionyesha. Ile orodha niliitazama, sikuisoma. Niliona imenyooka, mabano yamefungwa, majina yamefuata alfabeti, nikaridhika kama mtu anayepita nje ya nyumba iliyopakwa chokaa akasema wenyewe wazima.

Niliporudi ofisini sikuweza kusahihisha chochote. Nilikaa nikimkumbuka mama wa dawati.

*

Huyo nilikutana naye kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, mwishoni mwa miaka ya 90. Jina lake naliacha, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupenda kutajwa, na kwetu sisi wanafunzi alikuwa "mama wa dawati" tu: miwani iliyofungwa uzi shingoni, penseli imechomekwa kwenye nywele, na daftari kubwa ambalo kila tulipomwuliza kitu alikiandika kwanza kabla ya kujibu. Miaka miwili ya kwanza sikuwahi kumwendea. Maktaba kwangu ilikuwa mahali pa kukaa. Kulikuwa na kivuli, kimya na meza pana ya kutandazia madesa, zile kopi za kopi za maelezo ya mhadhara zilizopita steshenari mara nyingi hadi herufi zinaonekana kama sisimizi waliokanyagwa. Nilizungukwa na maelfu ya vitabu nikisoma karatasi kumi na mbili.

Na tulikuwa na dharau, niseme ukweli. Tuliamini kazi ya mkutubi ni kulinda vitabu: kukagua mabegi mlangoni, kugonga muhuri wa tarehe na kusema shii. Kwenda kumwuliza kitu ilikuwa kama kukiri mbele ya watu kwamba umefika mwaka wa tatu hujui kutafuta. Bora upotee kimya kimya.

Nikapotea wiki mbili na zaidi. Tasnifu yangu fupi ya historia ilihusu Mpango wa Karanga, ule mradi wa Waingereza wa baada ya Vita Kuu ya Pili. Kila siku nilikwenda kwenye makabati ya kadi, nikavuta droo ya "Tanzania", nikapekua hadi kwenye kilimo, nikatoka na vitabu vya pamba, kahawa na vijiji vya Ujamaa. Karanga hakuna. Nilishaanza kuandika sentensi ile ya kivivu ambayo leo nikiiona kwenye kazi ya mwanafunzi naizungushia wino mwekundu, ile inayodai kwamba mada hii haijawahi kufanyiwa utafiti wa kutosha.

Siku moja mama akaja mwenyewe, akasimama kando ya droo yangu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wiki ya pili hii nakuona unavuta droo moja. Unatafuta nini hasa?"

"Karanga, mama."

"Za kula au za Waingereza?"

"Za Waingereza."

"Basi rudisha hiyo droo. Mwaka 1947 hapakuwa na Tanzania."

Nilisoma historia kwa miaka mitatu na nilijua vizuri kwamba Muungano ni wa Aprili 1964 na jina Tanzania lilianza kutumika Oktoba ya mwaka huo. Nilikuwa nimelijibu swali hilo kwenye mtihani. Lakini haikunijia hata mara moja kwamba mtu aliyeandika mwaka 1949 hakuweza kulitumia jina ambalo halijazaliwa, na kwamba waliozipanga kadi nao waliufuata mkono wa yule mwandishi. Maarifa nilikuwa nayo kichwani. Mikononi yalikuwa hayajashuka.

Alinipeleka kwenye droo ya Tanganyika. Akanifundisha kutafuta kwa jina la shirika, maana wakubwa wa serikali huandika kwa majina ya ofisi zao: kuanzia 1948 mradi ulikuwa mikononi mwa Overseas Food Corporation, na kabla ya hapo ulishikwa na United Africa Company, kampuni ya watu wa Unilever. Akanifundisha kutafuta kwa mahali: Kongwa, Urambo, Nachingwea. Akanionya kuwa Kongwa nitakazozikuta ni mbili, ya karanga na ya wapigania uhuru, kwa sababu kuanzia 1964 vyama vya ukombozi kama FRELIMO, SWAPO na ANC vilipewa kambi pale pale palipobaki majengo ya mradi. Nisije nikawachanganya makomredi na matrekta. Kisha akaniambia kwamba chanzo cha yote hakimo kwenye rafu za vitabu hata kidogo, kwa sababu si kitabu. Ni waraka wa serikali ya Uingereza uliopelekwa Bungeni kwao Februari 1947, nao una namba yake, Cmd. 7030. Ukiijua namba umeshika mkia wa ng'ombe.

Robo saa haikupita, meza yangu ilikuwa imejaa.

Wasiojua kisa hicho, kwa kifupi ni hiki. Uingereza baada ya vita ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula. Wakubwa wakaamua kulima karanga kwa mashine kwenye ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi kati ya hizo Tanganyika. Mwaka wa kwanza ulipangiwa ekari 150,000. Zilizopandwa hazikufika 10,000. Vifaru vya vita vya aina ya Sherman viligeuzwa matrekta vikaitwa Shervick, vikapambana na visiki vya mibuyu, na mibuyu ikashinda mechi nyingi. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi uligeuka saruji, mvua ikakataa kufuata kalenda ya London, na mwanzoni mwa 1951 mradi ukafutwa ukiwa umemeza pauni milioni 36. Kilichobaki ni pamoja na bandari ya Mtwara, ambayo ilijengwa kwa ajili ya kusafirishia karanga zisizoonekana.

Nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikarudi dawatini nimenuna, nina tatizo jipya: vyanzo vilikuwa vingi mno na vyote vinasema kitu kimoja. Mvua, udongo, mibuyu, haraka ya wanasiasa. Alan Wood, aliyekuwa afisa habari wa mradi wenyewe, alishatoa kitabu kizima juu ya fedheha ile mwaka 1950, kabla hata mradi haujazikwa. Mimi nilikuwa na nini cha kuongeza?

Mama akaandika kitu kwenye daftari lake. Halafu akauliza tena kama vile hajawahi kuniuliza: "Unatafuta nini hasa?"

Nikajibu kama nilivyoandika kwenye pendekezo: sababu za kushindwa kwa mradi.

"Hizo umeshazipata, na umenuna. Kwa nini ulichagua karanga? Mbona hukuchagua mkonge?"

Ndipo nikamwambia jambo ambalo sikumwambia hata msimamizi wangu, kwa sababu sikudhani ni jambo la kitaaluma. Babu yangu mzaa mama alitoka Mpwapwa akaenda Kongwa kung'oa visiki. Alikufa kabla sijapata akili ya kumwuliza chochote. Nyumbani ilibaki sururu moja iliyoliwa na kutu na msemo wa wajomba: mtu akianza jambo kwa mbwembwe husema, "Haya, karanga za Mzungu hizo."

Mama wa dawati alivua miwani. "Basi wewe unatafuta vibarua," alisema, "si karanga."

*

Nimeitafakari sentensi ile kwa zaidi ya miaka ishirini. Baadaye nilipoanza kufundisha nilikuja kujua kwamba alichonifanyia ni ufundi wenye historia, si busara ya mama mmoja tu. Samuel Green, mkutubi wa Worcester kule Marekani, aliandika mwaka 1876 akiwahimiza wenzake watoke nyuma ya kaunta wazungumze na wasomaji. Mwaka 1968 Robert Taylor akachambua kinachotokea katika mazungumzo hayo. Kwa maelezo yake, haja ya mtu ya kujua hupita hatua nne: kwanza ni kero isiyo na maneno, halafu inakuwa wazo lenye ukungu kichwani, halafu swali analoweza kulitamka, mwisho ni swali alilolikatakata ili liingie kwenye droo anazodhani maktaba inazo. Mtu anapofika dawatini huleta hilo la mwisho. Mkutubi mzuri hulipokea kwa mikono miwili, kisha hurudi nawe taratibu, hatua kwa hatua, hadi kwenye kero.

Mimi nilileta "sababu za kushindwa kwa mradi" kwa kuwa nilidhani hivyo ndivyo vitu vinavyokaa maktaba. Kero yangu ilikuwa sururu.

Tangu hapo nimejaribu kuwa mwangalifu na maswali ya watu, na mara nyingi nashindwa. Kuna mwaka baba yangu alikuwa akinipigia simu kuniuliza bei ya saruji mjini. Namjibu, anashukuru, anakata. Wiki inayofuata anauliza tena. Nilimdhania uzee. Mara ya nne nikakumbuka, ingawa baba humwulizi "unatafuta nini hasa" kwa mdomo mkavu. Nikazunguka: "Baba, hiyo saruji tunajengea wapi?" Alinyamaza kidogo. Akasema mvua zimelititisha kaburi la mama, na hakutaka kunibebesha gharama. Mwezi mzima nilikuwa nikimpa bei.

*

Nirudi kwenye kazi yenyewe, maana watu hudhani ujuzi wa kutafuta ni kipaji au ni kasi ya vidole. Ni ufundi kama useremala, na una mbinu ambazo mtu hufundishwa.

Mama alinionyesha kusoma kitabu kuanzia nyuma: unafungua marejeleo, unaona aliyeandika alikunywa kisima gani, nawe unakwenda kwenye kisima. Alinionyesha kwamba ukikipata kitabu kwenye rafu, usikichomoe ukakimbia. Tazama majirani zake kulia na kushoto, kwa kuwa aliyewapanga pamoja alishakufanyia nusu ya kazi. Na alinionyesha kuutilia shaka hata mpangilio wenyewe. Mfumo wa Dewey, ambao maktaba nyingi zetu hupangia vitabu, ulitungwa na Mmarekani mwaka 1876, na unapofika kwenye dini, Ukristo umejinyoosha kuanzia 220 hadi 280 na ushei, Uislamu umepewa 297, na dini za jadi za Afrika zimesukumwa kwenye 299 pamoja na nyinginezo. Kiswahili, lugha ya mamilioni ya watu, kipo 496, ndani ya kundi la "lugha nyingine". Mama aliyasema haya bila hasira. Mtu aliyekwisha kuijua nyumba, alisema, hagongi kichwa kwenye kizingiti kifupi, lakini anakumbuka aliyekijenga hakuwa mrefu kama yeye.

Siku hizi droo za kadi hazipo, yapo masanduku ya kutafutia kwenye kompyuta, na vijana hudhani sanduku linaelewa. Halielewi, linalinganisha herufi. Huyu kijana wetu wa sasa wa maktaba hutumia saa nzima ya kwanza kuwafundisha AND, OR na NOT, hizo kamba tatu zinazotokana na hesabu za mantiki za George Boole, mwalimu wa karne ya 19. Hapo ndipo nilipomsikia akieleza jambo ambalo sijaliona kwenye mwongozo wowote wa Kizungu. Miongozo yote hufundisha kuweka nyota mwishoni mwa neno: andika "farm" kisha nyota, utaletewa mashamba, wakulima na kilimo chote cha Kiingereza kwa mpigo, kwa kuwa Kiingereza hubadilika mkiani. Kiswahili hubadilika kichwani. Mkulima, wakulima, kilimo, ukulima, walilima: nyota ya mwishoni haina faida hapo. Ukiandika "mkulima" peke yake, wenzake waliosimama kwenye wingi hutawaona kamwe. Inakubidi uwaite mmoja mmoja, ukiwaunganisha kwa OR. Kwa fasihi ya kale ni kazi zaidi. Utendi wa Tambuka, ambao nakala yake inayojulikana sana ni ya 1728, wengine wameuandika utenzi, wengine wameuita Chuo cha Herekali. Mtu mwenye jina moja tu mkononi atakuambia kwa uhakika kabisa kwamba hakuna kilichoandikwa.

Nasi walimu je? Sisi ndio wagonjwa wabaya zaidi, kwa sababu tunajitibu. Mwanafunzi anayepotea ataulizwa na msimamizi; mwalimu anayepotea hufunga mlango wa ofisi. Niliwahi kukaribia kulipa dola 39 za mfukoni kwa makala moja, kadi ya benki nimeshaishika, kisha nikaona aibu ya matumizi nikashuka maktaba. Kijana akaifungua mbele yangu ndani ya dakika mbili. Chuo kilikuwa kimejiunga zamani na mipango ya Research4Life, ile iliyoanza na HINARI ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ikafuatiwa na AGORA ya kilimo na mingine, inayovipa vyuo vya nchi za kipato cha chini majarida ya kulipia bila malipo au kwa ada ndogo. Tangazo lake lilikuwa ukutani, pembeni mwa swichi ya feni. Nilikuwa nimeliegemea miaka mitatu.

Jingine ni la kuficha uso. Nililetewa barua pepe na jarida lenye jina kubwa, "la kimataifa" mara mbili katika mstari mmoja, likinisifia makala yangu na kuahidi kuichapisha ndani ya siku tano kwa ada ya dola kadhaa. Mwaka huo nilikuwa nangoja kupandishwa cheo, na mwenye njaa haulizi mpishi. Kijana aliomba aitazame barua kabla sijalipa. Aliangalia kama jarida limo kwenye orodha ya majarida huria yaliyokaguliwa, akaangalia namba yake ya utambulisho, akawaandikia watu wawili waliotajwa kwenye bodi ya wahariri. Mmoja alijibu kwamba hajawahi kulisikia. Aliyewapa majarida ya namna hii jina lao, la wanyama wawindaji, naye alikuwa mkutubi: Jeffrey Beall wa chuo kikuu kimoja cha Colorado, ambaye aliweka orodha yao hadharani kwa miaka kadhaa hadi alipoiondoa Januari 2017. Orodha yake ilikuwa na kasoro na ilimletea maadui wengi, lakini wanataaluma tulikuwa tumeshaliwa kwa muda mrefu kabla mtu wa maktaba hajapiga kelele.

Sitaki kuwapamba wakutubi wote maua. Wapo waliozipata sifa zao za ukali kwa jasho lao wenyewe. Nimefukuzwa dirishani na mmoja kwa sababu ya chupa ya maji. Lakini hata wale wazuri tunawatendea vibaya. Mwanafunzi mpya hupewa saa moja ya maktaba katika wiki ya kwanza, saa iliyobanwa kati ya foleni ya ada na foleni ya chumba, anaonyeshwa mlango wa dharura na choo, basi. Miaka mitatu baadaye tunashangaa hajui kutafuta. Somo la mbinu za utafiti tunalifundisha sisi, kwenye projekta, bila kumwita hata siku moja mtu ambaye kutafuta ndiyo kazi yake ya kila siku. Mimi nimeanza kumpa kijana vipindi viwili vya somo langu. Wenzangu wawili wameniuliza kama naumwa.

Yule binti wa rejea sita hakufukuzwa wala hakupewa barua. Nilimpeleka dawatini, nikakaa pembeni, nikajikaza kunyamaza. Mada yake ilikuwa "athari za mitandao ya kijamii kwa maendeleo", mada ambayo kila mwaka naisaini mara nne. Kijana akamwuliza kwa nini mitandao, mbona hakuchagua barabara. Alizunguka sana. Mwisho akasema mama yake anauza vitenge kwa kuweka picha kwenye status ya WhatsApp, anakopesha, na wadeni wakishavaa wanambloku. Akacheka mwenyewe, kisha akaacha kucheka.

Kijana aliandika kitu kwenye karatasi. Alipoigeuza ili binti aone, nikasoma maneno matatu tu: mikopo, uaminifu, wanawake.

*

Nami niliandika tasnifu yangu juu ya vibarua. Mama alinielekeza kwenye ripoti za kila mwaka za Idara ya Kazi ya Tanganyika, na kwenye gazeti la serikali la Mambo Leo, lililokuwa likitoka kwa Kiswahili tangu 1923. Babu sikumkuta kwa jina. Niliwakuta wenzake wengi wakiwa tarakimu, safu kwa safu: walioandikishwa, walioacha kazi, walioumia.

Likizo ikafika, nikabeba kopi zangu hadi Mpwapwa. Bibi alikuwa hai bado, macho yamemwisha. Nikamsomea ukumbini, natafsiri Kiingereza cha wakubwa sentensi kwa sentensi, naye anasikiliza huku anapeta mtama kwa mikono tu. Nilipomaliza nikamtazama nikingoja sifa.

"Imeandikwa walikuwa wanakula nini?" aliuliza.

Nikapekua. Sikuwa nimetazama.

"Maana babu yako alirudi kakonda," alisema, "na mwenyewe hakutaka kusema."

Chuo kilipofunguliwa nilikwenda dawatini hata kabla ya kutua begi bwenini. Nikamwamkia mama, nikamweleza swali la bibi. Alitoa penseli kwenye nywele, akafungua daftari.

"Bibi anakiitaje hicho chakula? Neno lake, si lako."

"Posho."

Akaliandika, akalitazama kidogo, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. "Hilo Wazungu nao waliliandika hivyo hivyo, posho," alisema, na tayari alikuwa amesimama anaelekea kwenye makabati.